Uji Ulioonjwa Kwanza

Manyatta, Embu
11 Februari 1996

Kwa Shangazi Ciakuthii,

Muga, Shangazi! Pokea salamu zangu, za Njue mume wangu, na za mjukuu wako Gichovi, ambaye hajajua kusalimu bado ila kuwapiga watu makofi ya uso. Kwa jumla tuko. Jua linachoma kahawa, lakini maharagwe tulivuna kidogo. Mguu wako je? Na yule ng'ombe wako mwenye kiburi alishazaa? Najua utasema nimekaa sana bila kuandika, na ni kweli. Mtoto na kazi ya shule havinipi nafasi hata ya kuchana nywele.

Sasa nisikilize. Jumatano iliyopita mama mkwe wangu, Ednah, alimpikia Gichovi uji wa wimbi akauchanganya na njugu za kusaga. Unajua huyu mama anavyompenda. Mtoto ana jina la marehemu mume wake, kwa hiyo anamwita "mzee wangu", na kumlisha hamwachii mtu. Vijiko vitatu tu, Shangazi. Midomo ikafura, halafu macho, halafu mwili mzima ukatoka mabaka mekundu. Akaanza kupumua na sauti ya filimbi. Haki ya Mungu, nilisimama pale nimeshika mwiko kama mjinga. Jirani mwenye pikapu alitufikisha hospitali mjini, wakamdunga sindano, na baada ya muda akalia kilio cha nguvu. Sijawahi kufurahia kilio namna hiyo.

Daktari wa watoto anasema mwili wa mtoto unazikataa njugu. Watu huita aleji. Sisi walimu tunaambiwa tuseme mzio. Nilimuuliza imetoka wapi. Akasema sababu yenyewe hasa hakuna anayeijua, lakini akaniuliza mambo mengi. Zile pele zinazompasua nyuma ya magoti zilianza lini? Kuna mwenye pumu nyumbani? Kuna mtu wa damu yenu aliyewahi kufura baada ya kula? Kwa kina Njue tumeuliza mpaka tukawachosha. Hakuna. Kwetu je?

Najihesabia makosa usiku na mchana. Nilikula njugu nyingi nikiwa na mimba, nilizitamani kweli. Nilimpa maziwa ya kopo niliporudi kazini. Kahawa ilinyunyiziwa dawa na mimi niko shambani nikimnyonyesha. Ni lipi kati ya haya?

Na mama yangu. Najua hupendi nimtaje. Uliniambia alinitupa nikiwa na miezi mitano akafuata mwanamume, na sikuuliza tena. Leo nauliza kwa ajili ya mtoto tu. Alikuwa na shida na chakula chochote?

Nijibu upesi.

Ni mimi mtoto wako,
Karwirwa


Nkubu, Meru
20 Machi 1996

Karwirwa wangu,

Barua yako ilikaa kwenye sanduku la parokia mpaka karani akaikumbuka. Nimeisoma mwenyewe, mara mbili. Aliyesema wazee wa ngumbaru hatutajua kusoma, aje nimsomee. Mvua imeanza, majani chai yanachipuka, na yule ng'ombe amezaa dume, hasara tupu. Mguu ni ule ule. Padri mpya anahubiri mpaka njaa inatuuma. Wasalimie wote huko, na mama mkwe wako umsalimie kwa jina langu.

Hiyo ya mtoto ni meno. Miezi kumi meno ya juu yanatoka, mtoto anafura, anatoka pele, anahema. Na hayo maziwa ya kopo, nani aliwadanganya? Wewe nilikulea kwa maziwa ya ng'ombe na viazi vya kuponda, na mifupa yako unaiona. Daktari kijana akikosa jibu huanza kuuliza habari za ukoo. Kwetu hakuna ugonjwa wa chakula. Watu wetu wanakula kila kitu Mungu alichoumba. Ya mama yako tuliyamaliza zamani, usiyafukue.

Ila njugu usimpe tena. Hata punje. Hata mwiko uliokoroga njugu usiguse uji wake, na aliyetafuna njugu asimbusu mpaka ameosha mdomo. Awe na sufuria yake peke yake.

Mwombee, nami nitamwombea.

Shangazi yako,
Ciakuthii


Manyatta
14 Aprili 1996

Shangazi,

Salamu tele. Gichovi ametimiza mwaka. Anasimama akishika meza, anaanguka, anacheka. Njue amepewa kazi nyingine pale ofisini, ya kukaa na mafaili, anarudi amechoka lakini hajambo. Asante kwa maombi.

Sasa niambie. Meno yanahusiana nini na mwiko? Nilimrudia daktari, naye akaniambia maneno yale yale uliyoniandikia: punje, mwiko, busu, sufuria. Yeye amesoma miaka mingi kuyajua. Wewe ulisomea wapi?

Alinieleza hivi. Jambo hili huweza kupita kwenye damu, lakini halipiti sawa. Ndugu mmoja anapata pumu, mwingine pele, mwingine chakula kinamfanya afure, na mwingine hapati chochote kabisa. Nikamwambia kwamba mama Ednah alikuwa akimpaka zile pele mafuta ya njugu aliyokamua mwenyewe, tangu mtoto ana miezi miwili. Daktari akasema huenda mwili ulizijua njugu kupitia ngozi iliyopasuka kabla ya kuzijua mdomoni, ukazichukia, lakini hawezi kuapa. Sijamwambia mama Ednah. Nitaanzaje? Alikuwa anapaka kwa upendo.

Hapa nyumbani kumeharibika. Sufuria ya mtoto naifungia kabatini. Chakula cha mtu mwingine hali. Na unajua kwetu huku na kwenu huko ni mamoja: ukikataa chakula cha mkono wa mtu umemwita mchawi bila kufungua mdomo. Mama Ednah alilia jikoni, akauliza, "Nimelea saba, na huyu mmoja ndiye nitamuua?" Njue anatuangalia sote wawili kisha anatoka kwenda kukata nyasi za ng'ombe.

Nakuuliza tena, kwa heshima. Kwetu kulikuwa na nani?

Karwirwa


Manyatta
2 Juni 1996

Shangazi,

Natumai unaendelea vizuri. Sisi tuko hivyo hivyo. Wiki saba sasa sina barua yako, na nimeuliza posta mpaka karani ananijua kwa jina. Kama umekasirika, sema umekasirika. Kama unaumwa, mwambie mtu aniandikie nije. Lakini usininyamazie.

Karwirwa


Nkubu
27 Juni 1996

Mwanangu,

Sijakasirika. Mguu ulifura nikalala wiki mbili, majirani wakanichumia chai. Sasa natembea na fimbo. Huku ni baridi tupu, ukungu mpaka saa sita za mchana. Nimekutumia viazi kwa lori la ushirika, uniambie kama vilifika au dereva alivila.

Niliandika barua nyingine mbili nikazitia motoni.

Mheshimu mama mkwe wako. Ukimkatalia chakula, mkatalie umekaa chini, kwa sauti ya polepole, na umwambie mbele ya watu kwamba humshuku. Kulikuwa na mke mmoja wa kuja ambaye alikataa akiwa amesimama, amekunja uso, na yaliyofuata hayakuwa mazuri. Usiniulize ni nani.

Ciakuthii


Manyatta
21 Julai 1996

Shangazi,

Leo salamu ni fupi. Viazi vilifika. Mtoto yu hai. Naanza na hilo ili uweze kusoma yaliyobaki.

Jumapili ya tarehe saba kina mama wa kanisa walikuja kwetu kwa maombi, wanawake kumi na wanne. Nilikuwa nje nawamiminia chai. Mama Ednah akatoka jikoni na bakuli, akasimama katikati yao, akasema, "Leo mnione wenyewe. Inasemekana mkono wangu una sumu." Akachota kijiko cha kwanza, akameza, akafungua mdomo wote waone. Desturi unaijua. Mwenye chakula akionja kwanza, chakula ni safi, na atakayekataa baada ya hapo ndiye mbaya. Halafu akamlisha mzee wake. Ulikuwa uji wa njugu, Shangazi. Aliuchagua makusudi, maana njugu ndizo zilizomharibia jina. Aliamini kabisa kwamba mtoto atakula, atacheka, na mimi nitaomba msamaha mbele ya kanisa lote.

Niliposikia kelele nikaiangusha birika. Ndani ya gari mtoto aliacha kupumua. Midomo iligeuka rangi mikononi mwangu. Sitaandika zaidi. Alikaa hospitali siku nne, na wale watu Mungu awabariki, walimrudisha.

Sasa ona mambo. Wanawake wale wale waliomwona akionja ndio wanaosema alikunywa dawa ya kujikinga kwanza. Gitari, ndugu mkubwa wa Njue, mtoto wake wa kumzaa, anataka mama yake atoke bomani. Mama wa watu anakaa nyuma ya ghala kwenye kigoda, hali, hanywi, hata nikimpelekea mimi. Nimewaambia wote kwamba hana kosa, wakaniambia uchungu umenichanganya akili. Daktari aliandika barua. Wakasema hospitali haijui mambo ya wachawi.

Wazee watakaa tarehe 24 Agosti. Wamesema hivi: kama ugonjwa huu uko kwenye damu, ukoo mmoja wa mtoto useme ulishauona. Wa kina Njue haujauona. Umebaki wetu. Ukinyamaza, mama mzee atafukuzwa nyumbani mwake kwa jambo ambalo hakulitenda, na mimi nitaishi nikijua.

Wewe unajua kitu. Nimejua unajua tangu ile barua ya mwiko. Nakuomba nikiwa nimepiga magoti. Sema.

Karwirwa


Nkubu
9 Agosti 1996

Karwirwa,

Leo sina habari za ng'ombe. Barua hii usiisome kwanza peke yako halafu uchague ya kusema. Wasomee wazee yote. Nimetia sahihi na kidole pia, wasiseme imeandikwa na mwingine.

Kwetu alikuwepo. Ulikuwa na kaka. Aliitwa Muthamia, jina la babu yako, na mwaka wa 1971 alikuwa na miaka miwili na nusu. Wewe ulikuwa mgongoni.

Mama yako anaitwa Kagure. Ni Mwembu wa Kianjokoma. Siku moja mtoto alipewa njugu na jirani, akafura midomo, akapona. Kutoka siku hiyo mama yako akatangaza kwamba Muthamia asipewe njugu na mtu yeyote, wala mwiko, sufuria au busu lenye njugu lisimguse. Alikuja kuniambia mimi, nikiwa natwanga. Alisema akiwa amesimama. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume, sina mtoto, na kaka yangu alikuwa amenikaribisha kwa huruma. Nikaona huyu mgeni ananikataza kumlisha mtoto wa nyumba yetu. Ilinichoma. Nikasema moyoni, ngoja.

Nikapika uji wa njugu. Nikamwita mama yako aje aone. Nikaonja kwanza, nikafungua mdomo. Unaona, mama mkwe wako hakuanzisha hilo. Halafu nikamlisha Muthamia. Alikufa kabla jua halijafika juu ya nyumba. Hapakuwa na pikapu, hapakuwa na daktari wa watoto.

Mama yako alilia akisema, "Uji wako umemuua." Mimi nikalia nikisema sikutia kitu kibaya. Wazee wakaamua nile kiapo cha beberu, kile tunachokiita kuringa nthenge, ambacho mwongo akikila anakufa. Nikampiga yule beberu nikiapa: kama niliweka sumu kwenye uji, nife. Sikufa. Basi mama yako akawa ndiye mwongo, aliyemsingizia mtu mauaji. Wakamrudisha kwao. Wewe ukabaki, kwa kuwa mahari ilikuwa imetolewa na mtoto ni wa nyumba. Baba yako hakusema neno, na miaka mitatu baadaye alikufa akiwa Mombasa. Hadithi ya mwanamume niliitunga mimi, ili usimtafute.

Nilichoapa kilikuwa kweli. Lakini hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa nimekatazwa. Wangeniuliza hilo, ningekufa siku ile ile. Nimekaa na jambo hilo miaka ishirini na mitano.

Ulipofika miaka mitatu ulikula njugu kwa watoto wenzako. Nilikaa nikikutazama mpaka jioni. Hukupata kitu. Nikafurahi, Mungu anisamehe, nikajiambia, kumbe ugonjwa haukuwepo, kumbe Kagure alikuwa mwongo kweli. Nikaishi na hilo. Sasa daktari wako anasema ndugu mmoja anapata na mwingine hapati. Kwa nini hakuna aliyetuambia wakati ule? Au tungeambiwa, mimi ningesikia?

Waambie wazee mama Ednah hana kosa. Yeye alikatazwa akakosa kuelewa. Mimi nilikatazwa nikaelewa.

Mama yako yuko kwao Kianjokoma, kwa kina Njoka, ng'ambo ya kituo cha kununulia chai. Nenda.

Ciakuthii


Manyatta
8 Septemba 1996

Shangazi,

Barua yako ilifika tarehe 20, nikawasomea wazee siku yao. Sikuruka neno. Mama Ednah amebaki nyumbani mwake. Gitari alimletea mbuzi, akamwomba msamaha. Amekubali kula. Lakini mtoto hamgusi tena. Gichovi akimkimbilia, maana sasa anatembea, yeye anaficha mikono nyuma na kuniita nije nimchukue. Nimemwambia yaishe. Anasema yameisha.

Siku ya pili yake nilikwenda Kianjokoma.

Mama alizikwa tarehe 22 Juni. Kifua kilimsumbua tangu Krismasi. Hakufuata mwanamume yeyote. Hakuolewa tena, hakuzaa tena. Alichuma chai kwenye shamba la ndugu yake Njoka, na kutoka mlangoni pake hadi kwangu si mwendo wa nusu siku kwa miguu. Nilipokuandikia mara ya kwanza alikuwa hai. Uliponijibu kwamba ni meno, alikuwa hai. Zile barua mbili ulizotia motoni, sijui zilikuwa za tarehe gani, na nakuomba usiniambie.

Mjomba Njoka alinitambua kwa uso. Kabla hata ya kunipa kiti aliniuliza, "Wewe unakula njugu?" Nilidhani anataka kunikaribisha. Kumbe ni swali la mama. Kila mtu wa Meru aliyemwona, dereva wa lori, muuza viazi, mwalimu aliyehamishiwa huku, alimuuliza: kuna msichana Nkubu, Karwirwa, analelewa na Ciakuthii, je, anakula njugu? Hakuuliza kama namkumbuka. Aliogopa kwamba siku moja utanipikia uji. Mwaka wa 1978 alimtuma mwalimu mmoja mpaka mlangoni pako na swali hilo tu, na ukamfungulia mbwa. Hilo hukuliandika.

Miaka ishirini na mitano aliogopa, akafa akiogopa. Na wewe ulikuwa na jibu tangu nina miaka mitatu. Lilikuwa neno moja, Shangazi. Anakula.

Karwirwa wa Kagure